Shingo ya sweta ya mtoto haipiti kichwani

Swali: Wapendwa, nafuma sweta ya zawadi kwa mtoto wa miezi 6, sindano za milimita 4. Mwili umetoka vizuri ila shingo haipiti kichwani. Nifumue yote?

— Hapana, dada. Fumua mstari wa mwisho tu, ufunge vitanzi upya kwa sindano ya milimita 5. Ukifunga kwa kukaza, ukingo haunyumbuki hata vitanzi vikitosha.

— Pima kichwa kwanza. Umri huo ni kama sentimita 43. Shingo ikivutwa ifike 45. Isipofika, acha bega moja wazi, weka vifungo 2. Tafadhali vishone imara mno: kikichomoka, kinaweza kumkaba mtoto.

— Uzi ni wa pamba? Haunyumbuki kama sufu.