Hamira ya siku hiyohiyo, donge la usiku mmoja au chachu ya asili: ipi imfae anayejifunza kuoka mkate?

Mkanda Unga

Wapendwa wanachama, salaam. Tangu nianze kujifunza nimeoka mikate 11, na kati ya hiyo ni mitatu tu niliyoiweka mezani bila kusita. Naomba mnisaidie kuchagua njia moja ya kuumua donge nitakayoishika kwa mwezi mzima, maana hadi sasa nimekuwa nikihama kutoka njia hii kwenda ile, na makosa yangu hayanifundishi kitu.

Njia ya kwanza niliyoijaribu ni hamira ya kutosha, unakanda na kuoka siku hiyohiyo. Mkate wa kwanza haukuumuka hata kidogo, kwa sababu niliikoroga hamira katika maji yaliyotoka kuchemka. Wa pili uliumuka kupita kiasi: maelekezo yalisema saa mbili, nikaliacha donge saa mbili kamili siku yenye joto kali, na nilipopitisha wembe juu yake kulichana, likanywea taratibu mbele ya macho yangu. Wa tatu ulitoka mzuri mno, ganda likilia kila nilipolibana, na ndani laini. Nikarudia wiki iliyofuata kwa vikombe vilevile vitatu vya unga na maji yaleyale, ukatoka mzito kama tofali.

Njia ya pili ni kutia hamira kidogo na kulilaza donge ndani ya jokofu. Nimeijaribu mara mbili, mara moja nikafaulu. Ya tatu ni chachu ya asili, yaani unga na maji tu. Ilijaa mapovu siku ya tatu, siku ya tano ikanyamaza kabisa huku ikinuka vibaya, nikaimwaga. Kwenu ninyi mliotangulia, ipi imfae mwanafunzi?

Mizani Kwanza

Ndugu Mkanda Unga, karibu sana. Kabla ya kulinganisha njia hizo tatu, naomba tuutazame mkate wako wa nne, kwa sababu naamini jibu la nusu ya matatizo yako limo humo. Ukiuchota unga kwa kijiko na kuumimina taratibu ndani ya kikombe, utapata takriban gramu 120, lakini ukichovya kikombe moja kwa moja ndani ya mfuko na kuushindilia kidogo, unaweza kufika gramu 150. Kwa vikombe vitatu, hiyo ni tofauti kati ya gramu 360 na gramu 450. Maji yako yakiwa gramu 270 siku zote mbili, donge moja lina maji asilimia 75 ya uzito wa unga na jingine lina asilimia 60. Hayo ni madonge mawili tofauti kabisa: moja hunata mikononi, jingine huwa kavu na gumu kuvuta, ilhali wewe unaamini umefuata maelekezo yaleyale. Tafuta mizani. Pasipo mizani, ulinganisho wowote utakaoufanya hautakuwa wa haki kwa njia yoyote ile.

Mwokaji wa Asubuhi

Namuunga mkono aliyetangulia, na kwa swali lenyewe nachagua hamira ya siku hiyohiyo. Sababu yangu ni moja: mwanafunzi anahitaji kuliona kosa lake angali anakumbuka alichofanya. Ukikanda asubuhi na kuoka adhuhuri, unakumbuka vizuri jinsi donge lilivyokuwa mkononi.

Hamira nayo ina aina mbili zinazochanganywa mara kwa mara. Ile ya chembe kubwa huamshwa kwanza katika maji ya uvuguvugu ya nyuzi 38 hadi 43 hivi, ilhali ile ya chembe ndogo huchanganywa moja kwa moja na unga mkavu. Zote hufa maji yakikaribia nyuzi 60, na ndiyo maana mkate wako wa kwanza haukuwa na matumaini tangu mwanzo. Kwa gramu 500 za unga, tia maji gramu 325, chumvi gramu 10 na hamira ya chembe ndogo gramu 5.

Saa ya ukutani isikutawale. Weka donge katika chombo chenye kuta zilizonyooka, zungushia mpira mahali lilipoanzia, na usubiri lifike maradufu ya kimo hicho, iwe ni kwa dakika 50 au kwa saa mbili na nusu. Ukishalipa umbo la mkate na likaumuka tena, bonyeza kwa kidole kilichopakwa unga: likirudi haraka bado ni changa, likirudi polepole na kuacha kishimo kidogo lipeleke katika tanuri, na lisiporudi kabisa umechelewa.

Usiku Mmoja

Naheshimu maoni ya Mwokaji wa Asubuhi, lakini sikubaliani naye, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa kuwa njia hii ndiyo iliyoniokoa. Tatizo la hamira nyingi katika chumba chenye joto ni kwamba muda wa kuwa tayari ni mfupi mno. Joto likipanda kwa nyuzi nane hadi kumi, kasi ya kuumuka hukaribia kuongezeka maradufu, hivyo donge lililofaa saa tisa huwa limeharibika saa tisa na nusu, na mwanafunzi bado hana jicho la kuutambua wakati huo. Ndani ya jokofu la nyuzi 4, hamira hufanya kazi kwa uvivu mkubwa, na kuchelewa saa moja hakuharibu kitu.

Kuna faida nyingine mbili. Gluteni, yaani utando wa protini za unga unaolishikilia donge, hujijenga yenyewe donge likiwa limelala, kwa hiyo hukandi hadi mikono iume, na ladha huongezeka kwa sababu asidi hupata muda wa kujikusanya. Tumia vipimo vilevile alivyotaja mwenzangu ila upunguze hamira hadi gramu 2, liache donge nje kwa saa moja huku ukilikunja mara mbili, kisha lilaze saa 12 hadi 16. Asubuhi lipe umbo la mkate lingali baridi, wakati huo halinati sana, na ulipe muda wa kutosha kuumuka tena kabla ya kuoka.

Mlezi wa Chachu

Dada au kaka uliyemwaga chachu, iliniuma kusoma hivyo, kwa sababu huenda haikuwa imekufa. Mapovu ya siku ya tatu mara nyingi hutokana na bakteria wa mwanzo ambao si wale tunaowataka. Asidi ikiongezeka, hao hufa, chupa hunyamaza, na ndipo hamira za asili na bakteria wa asidi ya laktiki huchukua nafasi. Endelea kulisha kila siku kwa uzito sawa wa chachu, unga na maji. Wiki moja hadi mbili ni muda wa kawaida. Ikiota ukungu au rangi ya waridi, hapo imwage bila kusita. Hata hivyo, sikushauri uanze nayo, kwa kuwa chachu changa na mkono mchanga havisaidiani.

Mkanda Unga

Nawashukuru nyote. Nimepata mizani, nimechagua usiku mmoja, na mikate mitatu imetoka yenye kimo karibu sawa, jambo ambalo halijawahi kunitokea. Swali limebaki moja: wa tatu niliulaza saa 40 kwa sababu ya safari, ukaiva vizuri ndani lakini ganda likapauka hata baada ya kuuongezea dakika 10.

Usiku Mmoja

Hamira ilikula sukari iliyokuwa ndani ya donge. Rangi ya ganda hutokana kwa sehemu kubwa na sukari kukutana na protini katika joto kali, badiliko ambalo Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912. Sukari ikiisha, kuongeza dakika hukausha tu. Ukijua utasafiri, punguza hamira hadi gramu 1, na uulize kipimajoto badala ya rangi: katikati ya mkate pakifika nyuzi 95, umeiva.

Mkanda Unga

Leo nimelaza saa 14. Ganda limekuwa la kahawia iliyokolea, katikati pamesoma 96, na nimeuacha upoe saa nzima kabla ya kuukata. Nitashika vipimo hivihivi hadi mwezi uishe.