Naomba ushauri: kompyuta mpya ya mezani, nitangulize diski au prosesa?

Wakuu salaam. Kompyuta yangu ya mezani imenichosha. Naiwasha, naenda kuoga, narudi bado kile kiduara kinazunguka, na diski inakwaruza ndani kama panya kwenye gunia. Nimejibana, sasa nataka nyingine.

Kazi zangu ni kuhariri picha, video fupi mara mojamoja, na kurasa za intaneti zisizopungua 20 zikiwa wazi kwa wakati mmoja (najua, mnisamehe). Gemu sichezi.

Kinachonitatiza ni hiki: hela niliyonayo inatosha moja kati ya mbili. Ya kwanza ina prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i7, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 16, lakini diski ni ile ya kuzunguka, TB 2. Ya pili ni Core i5, RAM hiyohiyo, na SSD ya NVMe (diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka) ya GB 512. Moyo unaelekea ya pili, maana diski ya kuzunguka inasoma kama MB 150 hivi kwa sekunde, wakati NVMe hata ya kawaida inapita 1,500. Ila picha zangu peke yake zimeshafika GB 700, hazitaenea.

Nimewaza nichukue ya pili, halafu diski yangu ya zamani niichomeke humohumo iwe ghala la picha. Ina miaka 7 na ndiyo hiyo inayokwaruza. Mngeiamini? Au ninunue ya nje kwanza? Na kwenye video, i5 na i7 za kizazi kimoja, tofauti nitaiona kweli?