Nani aliruhusu saruji kwenye nyumba ya mawe pale Milimani, Nakuru?

Wadau, leo nimekuja na hasira, mtanivumilia.

Wengi mnaijua ile nyumba kuukuu ya mawe yenye baraza ya mbao. Sisi wa kujitolea tumekuwa tukiikarabati kila Jumamosi kwa pesa za mifukoni mwetu. Hakuna anayelipwa hata nauli. Chokaa tuliiloweka shimoni wiki kadhaa hadi ikalainika kama siagi, ndipo tukaanza kuziba nyufa, tukifunika ukuta kwa magunia mabichi isije ikakauka haraka.

Jumamosi iliyopita tunafika na ndoo zetu, tunakuta kontrakta keshapiga plasta ya saruji upande wote wa mbele. Ati mji unapendezeshwa, mheshimiwa anakuja kuzindua. Hata kibao cha kuandikwa jina lake kimeshaletwa!

Na msiniambie saruji ni imara zaidi. Mawe haya yametokana na majivu ya volkano, ni laini na yananyonya maji. Chokaa huuachia unyevu njia ya kutoka. Saruji huufungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma ya plasta, na baada ya misimu michache ya mvua uso wa jiwe unabanduka nayo.

Kilichonitia wazimu hasa ni matundu ya hewa chini ya ukuta. Yamezibwa yote! Sakafu ni ya mbao juu ya boriti. Hewa isipopita huko chini, boriti zinaoza, mchwa wanamalizia. Nilibonyeza tundu moja, kidole kikazama kwenye saruji mbichi.

Ofisini tukajibiwa kwamba nyumba haijatangazwa kuwa urithi kwenye gazeti la serikali, kwa hivyo Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 hailindi chochote pale. Barua yetu ya kuomba itangazwe imelala ofisi hiyo hiyo tangu mwaka jana!

Kuna waliosema tuachane na nyumba za wakoloni. Haya, makumbusho ya Hyrax Hill hapa hapa Nakuru si yamo ndani ya nyumba ya shamba ya enzi hizo? Watoto wetu wanajifunza humo habari za watu walioishi kilimani pale kabla mzungu hajafika.

Matundu tumeyazibua wenyewe kwa nondo, ruhusa tukapeane baadaye. Plasta ndiyo shughuli, maana ikikomaa itatoka na mawe. Fundi wa mawe anayejua kuibandua taratibu kwa patasi aje kesho asubuhi, chai na mandazi vipo. Na wewe uliyetia sahihi, najua unasoma humu. Jitokeze utujibu.