Doa la maziwa limegeuka njano kwenye shuka jeupe, litatoka?

MamaPacha_Tabora:
Habari zenu wakuu. Mtoto amecheua maziwa kwenye shuka jeupe la pamba, kitenge na godoro. Shuka nilifua kwa maji ya moto na sabuni ya mche, nikaanika, nikapiga pasi. Sasa doa ni njano, limekakamaa, linanuka maziwa yaliyochacha. Niweke Jiki?

DobiUjiji:
Pole dada. Jiki weka pembeni, ikikuta protini ya maziwa huizidishia unjano. Maziwa yana protini na mafuta, na kila kimoja kina dawa yake. Protini ikipata moto huganda kwenye nyuzi kama ute wa yai kikaangoni, na pasi ndiyo huimalizia kabisa.

Loweka shuka kwenye maji ya baridi lita 10 na vijiko 4 vya chakula vya sabuni ya unga ambayo pakiti yake imeandikwa ina vimeng'enya (enzymes). Hivyo ndivyo vinavyokata protini. Doa bichi linatosheka na nusu saa. Hilo lako lilishapigwa pasi, liache usiku kucha. Asubuhi geuza shuka, pitisha maji ya baridi kwa nyuma ya doa ili uchafu utokee ulikoingilia.

Halafu mafuta. Paka sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, sugua taratibu kwa kidole, subiri dakika 15, ndipo ufue kwa maji ya vuguvugu. Anika kivulini. Likikauka, dondosha tone moja la maji palipokuwa na doa: likinyweka, mafuta yametoka. Likisimama kama ushanga, rudia sabuni ya vyombo, na pasi isiguse hapo.

Mshonaji_Kgm:
Kitenge usikilaze kwenye maji usiku kucha, kitachuja rangi. Jaribu kwanza kwenye pindo, kisha loweka peke yake dakika 30. Na sabuni ya vimeng'enya isiguse hariri wala sufu. Nyuzi zake zenyewe ni protini, zitaliwa.

DobiUjiji:
Kweli kabisa. Godoro sasa: usimwage maji, sifongo itayameza na uvundo utabaki ndani. Changanya kijiko 1 cha chai cha sabuni ya vyombo kwenye nusu lita ya maji ya baridi, chovya kitambaa, kamua, gongagonga kutoka ukingoni kwenda katikati. Futa kwa kitambaa cha maji matupu, kandamiza taulo kavu. Harufu ikibaki, pangusa kwa siki nyeupe kipimo 1 na maji vipimo 3, kisha simamisha godoro upepo upite pande zote mbili. Siki na Jiki visikutane kamwe, hutoa gesi yenye sumu.

MamaPacha_Tabora:
Asanteni sana. Maji yangu ni ya kisima, yana chumvi, sabuni ya mche haitoi povu.

Mshonaji_Kgm:
Basi sabuni ya mche iache kabisa kwa kazi hii, huacha utando mweupe unaofunika doa. Tumia ya unga, na suuza mwisho kwa maji ya mvua kama umekinga.