Mjadala: Upasuaji wa watoto wenye maradhi adimu uanzishwe Mtwara, au tuendelee kuwapeleka Dar es Salaam?

Mwana wa Mikindani (mwanzisha mada)
Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, Hospitali ya Kanda ya Kusini pale Mitengo ilijengwa ili mgonjwa wa kwetu asilazimike kuvuka Rufiji kila anapopewa rufaa. Hata hivyo, wazazi wengi wa watoto waliozaliwa bila tundu la haja kubwa, au wenye ugonjwa wa Hirschsprung, ambao sehemu ya mwisho ya utumbo mpana hukosa seli za neva za kusukuma kinyesi, bado huandikiwa rufaa ya Muhimbili, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Hirschsprung humpata takriban mtoto 1 kati ya 5,000, na kuzaliwa bila njia ya haja kubwa ni karibu kiwango hichohicho. Ukiutazama kila ugonjwa peke yake ni wa nadra, lakini sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni 2.8 katika mikoa yetu miwili, kwa hiyo watoto hawa wapo kila mwaka. Naomba tujadili kama wakati umefika wa kuweka kikosi kamili cha upasuaji wa watoto Mitengo.

Mtu wa Nusukaputi
Naunga mkono nia yako, lakini siungi mkono haraka yako. Mimi kazi yangu ni kulaza wagonjwa usingizi, na nakuhakikishia kwamba daktari bingwa mmoja wa upasuaji wa watoto hawezi kufanya lolote la maana bila mtaalamu wa usingizi aliyezoea vichanga, wauguzi wa wagonjwa mahututi, damu ya kutosha, na mtaalamu wa patholojia wa kusoma kipande cha utumbo kwa hadubini. Upasuaji wa Hirschsprung, kwa njia aliyoianzisha Swenson huko Marekani mwaka 1948, ni kukata sehemu isiyo na neva na kuvuta sehemu iliyo hai hadi kwenye tundu la haja kubwa. Ukikosea mpaka wa neva ukaacha sehemu iliyokufa ganzi, mtoto atarudi na tumbo lilelile. Mkono wa daktari huimarishwa na wingi wa kazi, na wingi huo kwa sasa uko Dar es Salaam.

Bandarini
Mnazungumzia madaktari kana kwamba ndio kikwazo. Hata mkileta bingwa kutoka ng'ambo, mzazi wa huku kwetu atasubiri kwanza korosho ziuzwe, kisha atampitisha mtoto kwa mganga, na atafika hospitali tumbo limeshavimba. Tuwe wakweli.

Mmakonde wa Newala
Bandarini, umenikera, na ninakujibu wewe kabla ya wengine wote. Unakaa mjini karibu na hospitali, halafu unawahukumu watu wa uwandani ambao mvua zikinyesha hata pikipiki inagoma kupita. Mzazi anayesubiri korosho hasubiri kwa uvivu, bali anasubiri nauli, fedha ya chakula cha anayemuuguza, na mahali pa kulala Dar es Salaam asikokuwa na ndugu. Nani kati yenu ameona mzazi akiwa na fedha mkononi na rufaa mfukoni akaenda kwa mganga?

Bandarini
Mimi nimeona, kaka, tena zaidi ya mara moja. Sikusema ni wote.

Mmakonde wa Newala
Uliandika "mzazi wa huku kwetu", hukuandika "baadhi ya wazazi". Maneno yako yapo hapo juu, kila mtu anayasoma.

Bi Somoe wa Nachingwea
Wanangu, mimi ni bibi wa mtoto wa namna hiyo, kwa hiyo niruhusuni niseme. Mjukuu wangu alizaliwa salama, lakini siku mbili zilipita bila kupata choo kile cheusi cha kwanza. Mama yake aliuliza, akaambiwa kwamba maziwa hayajatoka vizuri. Baadaye tumbo likawa linajaa, akitapika majimaji ya kijani, na kwenye kituo ambacho sitakitaja tulipewa dawa ya minyoo kwa mtoto ambaye hajaonja kitu zaidi ya ziwa la mama yake. Tulirudi palepale mara kadhaa. Kwa mganga hatukwenda, Bandarini, ingawa majirani walitushauri, na hata kama tungekwenda, muda tulioupoteza mikononi mwa watu waliovaa sare ungekuwa mrefu zaidi. Mwishowe daktari kijana alimpima kwa kidole, kinyesi na hewa vikatoka kwa kishindo, naye papo hapo akaandika rufaa. Dar es Salaam walimtolea choo tumboni kwanza, yaani walimfungulia tundu tumboni ili kinyesi kitokee kwenye mfuko wa nje, na utumbo ukavutwa baadaye alipopata uzito. Leo anakimbia.

Bandarini
Shikamoo Bi Somoe. Kwa habari yako sina neno, ila naomba isemwe pia kwamba si kila familia ina bibi mwenye msimamo kama wako.

Mtu wa Nusukaputi
Shikamoo mama. Kisa chako kinathibitisha nilichokuwa nikisema, kwamba upasuaji wenyewe ulipatikana na ulifanikiwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuutambua ugonjwa siku ya pili.

Mwana wa Mikindani (mwanzisha mada)
Siwezi kukubali hitimisho hilo. Mtoto aliyetolewa choo tumboni anahitaji kufuatiliwa, mfuko wake unahitaji kubadilishwa, na akipata homa, tumbo likavimba na kuharisha kinyesi chenye harufu kali, hayo ni maambukizi ya utumbo yanayoweza kumuua upesi. Mei 2024, kimbunga Hidaya na mvua zake zilipokata barabara ya Lindi eneo la Somanga, mzazi wa mtoto wa namna hiyo angepita wapi? Kuhusu uzoefu, hata kupandikiza figo tuliambiwa ni kazi ya India, mpaka Muhimbili walipoanza, nadhani mwaka 2018.

Mtu wa Nusukaputi
Ni Novemba 2017, na ni Dodoma ndiko walikoanza 2018. Lakini kumbuka kwamba Muhimbili walianza wakiwa na wataalamu wageni waliosimama nao chumbani. Kikosi cha namna hiyo kikija Mitengo mara kwa mara, kikapasua pamoja na madaktari wetu mpaka wakakomaa, nitakuwa wa kwanza kuingia chumba cha upasuaji. Ninachopinga ni kubandika kibao cha huduma mlangoni kabla ya watu.

Muuguzi wa Ruangwa
Nimesoma mjadala wote na sijaona mtu aliyeutaja ugonjwa unaoninyima usingizi, ambao ni kuziba kwa mirija ya nyongo kwa vichanga. Kwa Hirschsprung, mtoto akitolewa choo tumboni kwa wakati, upasuaji mkubwa unaweza kusubiri, kama ulivyosubiri kwa mjukuu wa Bi Somoe. Kwa nyongo hakuna kusubiri. Mjapani aitwaye Morio Kasai alieleza mwaka 1959 namna ya kuunganisha utumbo moja kwa moja na ini ili nyongo ipate njia, na upasuaji huo hufaulu zaidi ukifanyika kabla ya mtoto kutimiza siku 60. Akichelewa, ini huwa limeshakakamaa, na hapo kinachobaki ni kupandikizwa ini.

Dalili yake haihitaji mashine. Mtoto ana macho ya manjano baada ya wiki mbili, mkojo wake unatia doa nepi, na kinyesi chake kimepauka kama udongo mweupe. Tatizo ni kwamba umanjano wa vichanga kwa kawaida huisha wenyewe, kwa hiyo mama huambiwa amwanike mtoto kwenye jua la asubuhi, naye hutii mpaka miezi mitatu inapita. Taiwan walianza mwaka 2004 kumpa kila mama kadi yenye picha za rangi za kinyesi, na tangu hapo watoto wengi zaidi wakapasuliwa ndani ya siku 60. Sisi tayari tunakutana na mama wiki ya sita, siku ya 42, anapoleta mtoto kuchanjwa. Zinabaki siku 18. Nataka picha hizo ziwe kwenye kadi ya kliniki, na kila muuguzi aulize rangi ya kinyesi kabla ya kushika sindano.

Mmakonde wa Newala
Dada, hilo nimelielewa na naliunga mkono. Lakini ukishaiona hiyo rangi siku ya 42, nani anamlipia mama nauli ya siku ya 43? Toto Afya Kadi, ile bima ya afya ya watoto, ilikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka, ikasitishwa 2023. Hata wakati ule kadi haikulipa basi.

Muuguzi wa Ruangwa
Kwangu hakuna fungu la nauli ya mzazi. Tumewahi kuchangishana sisi wenyewe.

Bandarini
Basi hapo ndipo penye hoja yangu ya korosho, ambayo mlinishambulia kwayo.

Mmakonde wa Newala
Hapana, hoja yako ilikuwa mganga. Usiihamishe.

Bi Somoe wa Nachingwea
Waacheni waganga, wanangu. Mwana wa Mikindani, wewe uliyeanzisha, ukipeleka jambo hili kwa mbunge au kwa mganga mkuu wa mkoa, andika mambo mawili: picha za rangi ya kinyesi kwenye kadi, na nauli ya mtoto na mama yake kulipwa na halmashauri siku ileile rufaa inapoandikwa. Kikosi cha Mitengo nacho nakitaka, lakini hayo mawili hayahitaji bingwa yeyote.

Mwana wa Mikindani (mwanzisha mada)
Nitayaandika, mama, ila kikosi nitakiweka namba moja.

Muuguzi wa Ruangwa
Naomba kiwe namba tatu. Wiki hii nina vichanga wa kuchanja, na kadi zilizopo mezani kwangu hazina picha hizo.