GB 2 za bando zimeisha na projekti haijawaka, nakosea wapi?

kijana_wa_gungu
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, Gungu hapa. HTML na CSS nazijua, JavaScript kidogo, sasa mjomba wangu anauza dagaa na mawese pale Mwanga kanambia nimtengenezee tovuti wateja wake wa Dar wawe wanaona bei kabla hawajapiga simu. Nikasema nifanye kisasa, nikafuata video moja ya miaka ya nyuma, jamaa anaandika `npx create-react-app duka` (amri ya kuanzishia projekti ya React, ile maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa) anakunywa chai kidogo tu akirudi kila kitu tayari. Kwangu mimi hotspoti ya simu imehenya karibu saa nzima, umeme ukakatika, nikarudia, ikaniambia kuna pakeji zinagongana, nikafuta folda nikaanza moja. Rafiki akanambia achana na hiyo tumia Vite, zana nyingine ya kuanzishia projekti na kuiwasha kwenye brauza. Nayo nikiiwasha inanitolea mekundu tu: `crypto.hash is not a function`. Kompyuta natumia Ubuntu 24.04, Node (programu inayoendesha JavaScript nje ya brauza) niliiweka kwa apt, amri ya Ubuntu ya kushushia programu. Bando kwisha na hata ukurasa mmoja sijauona, nisaidieni jamani.

asali_mbichi
Pole mdogo wangu, mimi nipo Tabora na hiyo njia nimeipita. Video yako imezeeka. Create React App watu wa React wenyewe walitangaza Februari 2025 kwamba wameistaafisha, na ilikuwa inashusha pakeji zaidi ya elfu moja hata kama unataka kuandika "habari dunia", ndo maana bando lilikuwa linavuja. Rafiki yako kakushauri vizuri.

Hiyo erori ya crypto.hash haihusiani na kodi yako kabisa. Andika `node -v`, utaona 18.19.1, ndiyo apt ya Ubuntu 24.04 inayokupa. Vite kuanzia ya 7 inataka Node 20.19 au 22.12 kwenda juu. Panda juu kidogo ya hayo mekundu utakuta mstari umekwambia hivyohivyo, ila wote huwa tunasoma ule wa mwisho tu tunaanza kuhangaika. Weka nvm (kifaa cha kushushia na kubadilishia vesheni za Node), funga terminali ufungue upya (usipofanya hivyo itakwambia nvm haipo utadhani umekosea tena), halafu:

```
nvm install 22
npm create vite@latest duka -- --template vanilla
cd duka
npm install
npm run dev
```

Vile vistari viwili vilivyokaa peke yake katikati usiviache, ndo vinaiambia npm (kishusha pakeji kinachokuja na Node) kwamba yanayofuata siyo yake yapelekwe kwa Vite. Ikiwaka fungua brauza `localhost:5173`. Siyo 3000 kama kwenye video.

mbishi_wa_ujiji
Mnamchosha mtoto wa watu. Bei ya dagaa, bei ya mawese, namba ya simu, basi. Hapo Node ya nini? Faili moja la index.html unaligonga mara mbili linafunguka, bando sifuri.

asali_mbichi
@mbishi_wa_ujiji hapo sikubishii ndo maana nimempa vanilla (JavaScript tupu) sijampa React. Ila kasema anajifunza, na mtu ukishazoea kusevu faili ukurasa unabadilika wenyewe bila kurifreshi hurudi nyuma.

kijana_wa_gungu
Kaka shikamoo, IMEWAKA!! Node ilikuwa 18.19.1 kweli kama umeiona. Sasa swali la bando, nikiharibu nikafuta node_modules (ile folda ya pakeji zilizoshushwa) ndo naanza kushusha upya zote?

mwanafunzi_kaliua
Nijibu hili maana limeniuma mwenyewe. Hapana, npm inajiwekea akiba kwenye folda ya `.npm` nyumbani kwako, ukiandika `npm install --prefer-offline` inachukua humo kwanza, mtandaoni inaenda kufuata zilizokosekana tu. Adui yako ni wale wanaokwambia kila tatizo piga `npm cache clean --force`. Hiyo inachoma akiba yote. Mimi niliipiga usiku nikiwa na MB 80, acha kabisa. Na package-lock.json (faili inayoandika vesheni kamili za pakeji zako) usiifute ovyo, ukiifuta inaweza kwenda kutafuta vesheni mpya ambazo kwenye akiba huna.

kijana_wa_gungu
Asante sana mkuu. Ila kuna aibu moja. Nilivyoona imewaka nikamtumia mjomba linki ya localhost:5173 kwa WhatsApp. Kapiga simu mbele ya wateja anasema "mbona haifunguki, umenidanganya wewe".

mbishi_wa_ujiji
😂😂😂 localhost ni mashine yako mwenyewe bwana, mjomba akifungua simu yake inajitafuta yenyewe.

asali_mbichi
Wote tumeshamtumia mtu hiyo linki hahaha. Mkiwa hotspoti moja andika `npm run dev -- --host`, itakupa anwani ya mtandao wenu, mara nyingi inaanza na 192.168, hiyo ndo aifungue. Ya wateja wa Dar piga `npm run build`, itatengeneza folda ya `dist`, ndiyo unayopandisha kwenye hosti (kompyuta ya mtandaoni inayobeba tovuti), node_modules inabaki kwako. Na usijaribu kuigonga mara mbili ile index.html ya ndani ya dist, utaona ukurasa mweupe uanze kulia tena, ipime kwa `npm run preview`.

kijana_wa_gungu
Nimefungua kwa 192.168 kwenye simu ya mjomba hapahapa dukani. Kaangalia kimya muda mrefu, halafu kanambia bei ya mawese niliyoweka ni ya mwezi uliopita.