Nesi wa wodini nataka kufanya utafiti kuhusu kanula, nianzie wapi?

ZamuYaUsiku (mleta uzi)
Wakuu, habari za majukumu. Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa sita niko wodi ya magonjwa ya ndani. Kwetu kanula (kile kimrija kinachoachwa kwenye mshipa kupitisha dawa) inabadilishwa kila baada ya saa 72, iwe imeharibika au haijaharibika. Mgonjwa ana mshipa unaopitisha dawa vizuri, haumi popote, namwamsha nimchome upya kwa sababu tu siku tatu zimetimia. Wakati huohuo kitanda cha pili nakuta mkono umevimba, mgumu, na mwenyewe anakwambia "umeanza tangu juzi, sister". Juzi hiyo zamu ngapi zimepita? Najiuliza tatizo ni siku au ni macho yetu.

Nilimweleza daktari mmoja, akanijibu "andika andiko ulete", yaani mpango wa utafiti. Wiki mbili niko mbele ya kompyuta na nilichopata ni kichwa tu: "Tathmini ya ujuzi, mtazamo na utendaji wa wauguzi kuhusu utunzaji wa kanula". Chuoni utafiti tulisoma muhula mmoja, nimesahau karibu vyote. Inchaji wangu, yaani msimamizi wa wodi, anasema hana shida, ila nisiguse muda wa zamu.

Nianzie wapi? Nahitaji wagonjwa wangapi? Kibali naomba lini? Na nisiwafiche, naogopa nitafanya kazi yote halafu jina la kwanza liwe la mtu mwingine. Naomba kuwasilisha.

Mzee_wa_Mstari
Nesi na utafiti wapi na wapi? Hilo waachie madaktari, wewe choma sindano.

MwalimuWauguzi
Mzee wa Mstari, kanula anaiweka nani, anaiangalia nani, anaitoa nani? Basi anayejua swali la kuuliza ni nani?

Mleta uzi, swali lako la siku tatu limeshajibiwa, na aliyeongoza kulijibu ni muuguzi. Claire Rickard na wenzake kule Queensland, Australia, walichukua wagonjwa 3,283. Nusu walibadilishiwa kanula kila siku ya tatu, nusu waliachwa mpaka pawe na sababu ya kuitoa. Matokeo yalitoka kwenye jarida la tiba la Lancet mwaka 2012: mishipa iliwavimba asilimia 7 kwa kundi la kwanza, asilimia 7 kwa la pili. Ulitafute ulisome lote, usiishie kwenye muhtasari, maana kwenye mbinu ndiko utakakojifunza namna ya kupanga kazi yako.

Sasa usikate tamaa kwamba umewahiwa. Kuiacha kanula mpaka pawe na sababu kunadai mtu wa kuitafuta hiyo sababu kila zamu. Na wewe umetuambia kwenu mkono unavimba tangu juzi bila kuonekana. Hapo ndipo penye utafiti wako: kwenye wodi yetu mishipa mingapi inavimba, na tunachelewa kiasi gani kuigundua? Hilo Queensland hawawezi kukujibia.

Hicho kichwa chako cha "ujuzi, mtazamo na utendaji" kifute leo. Nimekisoma mara nyingi mpaka nakiona usingizini, kila mwanafunzi anakuja nacho. Utampa muuguzi dodoso, atajaza kwamba kanula anaikagua kila zamu, utapata asilimia 90 nzuri kabisa na mikono itaendelea kuvimba. Wewe umeona mkono, pima mkono.

Hesabu_Ndogo
Mimi ni mwanatakwimu, nesi huwa wananifuata data ikiwa imeshakusanywa, wakati hakuna kinachorekebishika. Umefanya vyema kuuliza mapema.

Idadi. Tuseme unakisia kanula 20 kati ya 100 zinaleta uvimbe, na unataka jibu lisipotoke zaidi ya asilimia 5 juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95. Chukua 1.96 × 1.96 × 0.2 × 0.8, gawanya kwa 0.05 × 0.05. Inakuja 246. Kama unategemea kupoteza mmoja katika kila kumi (wanaoruhusiwa mapema, kanula kung'oka), gawanya kwa 0.9, upate 274. Ukikubali kupotoka kwa asilimia 10 wanatosha 62, lakini ukimwambia mkuu wa hospitali uvimbe ni "kati ya 10 na 30 kwa mia" atakuuliza umekuja kumwambia nini. Hiyo 20 usiikisie hewani kama nilivyofanya mimi, itoe kwenye utafiti wa wodi inayofanana na yako.

Halafu amua mapema unahesabu kanula au wagonjwa. Mgonjwa mmoja aliyechomwa mara nne si watu wanne. Rahisi kwako: kanula ya kwanza tu ya kila mgonjwa.

Kubwa zaidi ni hili. Ukihesabu kwenye zamu zako peke yako, kanula zilizowekwa na kutolewa ukiwa ofu hutaziona kabisa, na huenda ndizo zilizoharibika haraka. Unahitaji watu wa zamu zote. Na hao watu lazima waone kitu kilekile. Tumieni kipimo kilichopo cha uvimbe wa mshipa, kama VIP chenye alama 0 (hakuna dalili) hadi 5 (umeharibika sana), wawili wakague mikono ileile bila kuambizana, kisha mpige kappa, hesabu inayoonyesha mmekubaliana kiasi gani zaidi ya kubahatisha. Msiridhike na "tumekubaliana asilimia 85". Kama kila mmoja anaandika "hakuna kitu" kwa mikono 90 katika 100, mtakubaliana asilimia 82 hata mkiwa mnabahatisha.

KanulaYaBuluu
Niongeze kwa niliyoyaona kwa macho: wekundu kwenye ngozi nyeusi unaweza kukupita hivihivi, hasa usiku kwenye mwanga hafifu. Wafundishe wenzako kugusa. Joto, ugumu wa mshipa, na kumuuliza mgonjwa anaumia wapi.

Pia mnaweza kuanza kuhesabu kimyakimya kama ukaguzi wa ubora wa wodi, kibali mtakuja kuomba baadaye mkitaka kuchapisha.

Mwanakamati
Hapana, KanulaYaBuluu, nipo kwenye kamati ya maadili na hili linatuletea watu wakilia. Kibali hakirudi nyuma. Kama una wazo hata dogo la kuchapisha, leta andiko kabla ya kuhesabu mkono wa kwanza. Ikiwa ni ukaguzi wa kawaida tu, kamati itakuambia kwa maandishi kwamba hauhitaji mapitio kamili, na barua hiyo jarida litaiomba.

Mambo mawili nitakayoyatafuta kwenye andiko lako. Kwanza, nani anaomba ridhaa. Wewe ndiye unayempa mgonjwa dawa ya maumivu, atakukatalia vipi? Tafuta mtu asiyemhudumia. Siwaambii hivi kwa kupenda urasimu. Kwenye utafiti wa kaswende wa Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, wanaume Weusi waliachwa bila tiba hata penisilini ilipokuwa imeshapatikana, na aliyewaunganisha na watafiti miaka yote ile alikuwa muuguzi wao, Eunice Rivers. Walimwamini.

Pili, ukikuta mkono una alama 2 utafanya nini? Jibu liandikwe: kanula inatoka saa ileile, daktari anajulishwa. Utafiti wa kuangalia haukupi ruhusa ya kuangalia mtu akiharibika.

InchajiMstaafu
Nimekuwa inchaji miaka mingi, nakuelewa na namwelewa na inchaji wako. Akisikia "utafiti" anaona pengo kwenye ratiba. Usiende na ombi la jumla. Nenda na karatasi moja: ukaguzi wa kanula unachukua dakika ngapi kwa mgonjwa, nani anafanya, wiki ngapi. Ukaguzi wenyewe ni kazi ya zamu tayari, kinachoongezeka ni kuandika alama. Kisha mwombe asubuhi moja kwa wiki ya kuandika andiko, na iandikwe kwenye ratiba kama zamu nyingine. Ya mdomo itakufa siku ya kwanza mtu akiumwa.

MwalimuWauguzi
Kuhusu jina, usione haya kulisema mwanzoni. Mkae kabla ya kazi, muandike nani mtafiti mkuu, nani mwandishi wa kwanza. Majarida mengi ya tiba yanafuata masharti manne ya kamati ya wahariri, ICMJE: awe amechangia kwa uzito kubuni kazi au data, awe ameandika au kuhakiki maandishi, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika nalo. Yote manne kwa pamoja. Cheo hakimo. Wenzako wa zamu watakaokusanya alama tu washukuruni kwa majina mwishoni, ila ukiweza waingize kwenye kuandika pia, watajifunza.

ZamuYaUsiku (mleta uzi)
Nimewasoma wote, hata Mzee wa Mstari. Nimefuta kichwa, nimeandika hivi: "Kati ya wagonjwa wazima wanaowekewa kanula ya kwanza kwenye wodi yetu, ni wangapi mishipa yao inavimba, na kanula inachelewa kutolewa kwa muda gani baada ya dalili kuanza?" Inchaji nimempelekea karatasi, dakika tatu kwa mgonjwa. Asubuhi za Jumatano amekubali, kaandika kwa kalamu ya risasi lakini kaandika.

Hesabu_Ndogo
Safi. Kasoro moja: "baada ya dalili kuanza" utaipimaje? Mkikagua mara moja kila zamu yenye urefu wa saa nane, dalili mtakayoiona asubuhi ingeweza kuanza wakati wowote tangu ukaguzi wa usiku. Andika "tangu ukaguzi wa kwanza ulioonyesha alama 2 au zaidi". Na kwa vile kamati inakutaka uitoe papo hapo, kuchelewa kwenyewe kutapungua kwa sababu mnaangalia. Muulize mgonjwa maumivu yalianza lini, na hilo nalo ulipe safu yake kwenye fomu.

ZamuYaUsiku (mleta uzi)
Nimeongeza safu. Andiko naleta hapa Jumatano ijayo, mlikate.